Sahani Nne Kwenye Kichanja

Mama Rehema,

Shikamoo. Najua nilikuzidi miaka tisa, na ulinidai shikamoo kwa utani maisha yetu yote nami nikagoma. Haya, chukua. Umetangulia, umekuwa mkubwa. Usicheke mwandiko, unajua darasa la nne ndilo lililonishinda.

Tangu tukuzike, hapa Kang'ata pamepoa. Siku ya kwanza kujipikia nilisonga ugali kwa kipimo chako, kwenye lile sufuria la watu kumi. Nikaula siku tatu. Ya nne hata mbwa wa jirani alinikwepa. Unaukumbuka ua huu ulipokuja mwali? Mama zangu watatu, kila mmoja na jiko lake, wanaume tumezunguka sinia moja, na mtoto hajui sawasawa ametoka tumbo gani mpaka siku achapwe. Sasa familia inakaa kwenye simu. Mwanao anayeishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi, amefungua kundi, wanaliita Familia ya Mzee. Mzee mwenyewe simo. Kisimu changu ni cha tochi.

Basi nikafanya ujinga. Kila jioni naosha sahani nne, nimetumia moja tu, nazipanga kwenye kichanja chako uani, wapita njia waone hapa kuna watu.

Kumbe mwenyekiti wa kitongoji naye ana macho. Alikuja na daftari lake kuandika kaya upya. Akatazama kichanja.

"Mgosi, naona mko wanne."

Ningekataa ningesemaje? "Wanne," nikamwambia.

"Wataje."

Nikajitaja. Nikamtaja Rehema. Ndiyo, Rehema, yule niliyemwambia asikanyage hapa mpaka nife, kisa karudi na tumbo bila mume. Yule uliyekuwa unamwekea chakula kila jioni na kukifunika kwa kawa, nikikuuliza unasema, "Cha panya hiki," nami najifanya nimeamini. Siku zako za mwisho uliniomba, "Mwite mwanangu." Nikaitika, sikumwita. Alikuja kukuzika, akalala kwa jirani, akarudi Korogwe mimi sijafungua mdomo.

Nikamtaja na binti yake Mwanahawa. Wa nne nikakwama. Jina la mtoto wake wa pili uliponiambia nilijifanya nimelala. Ulimi ukaniponyoka: "Zaina." Jina lako wewe.

"Vizuri. Ijumaa narudi niwaone wote. Nakujua wewe kwa uongo."

Kesho yake nikapanda basi la Korogwe, jogoo kwapani. Rehema amepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Aliponiona mlangoni uso ukamshuka.

"Shikamoo, baba. Nani kafa tena?"

"Hajafa mtu. Nimeandikisha watu nisio nao."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha hakikuwa kicheko tena. Mimi nikamtazama jogoo. Katoka mtoto wa kiume, pengo mbele, kashika kaptura isidondoke.

"Huyu ndiye Zaina?" nikauliza.

"Mimi Brayani," akanijibu kwa hasira. "Zaina ni bibi yangu, alikuwa anakuja hapa."

Mama Rehema, niligeuzia uso ukutani. Kumbe ulikuwa unakwenda kwao. Zile siku zote za kwenda mnadani na kurudi mikono mitupu! Mwanamke mjanja wewe.

Wakaja nami, na Ijumaa mwenyekiti alitukuta wanne. Akamfuta Zaina, akaandika Brayani. "Mkuu wa kaya?" Nikakohoa nijipange, Rehema akaniwahi: "Andika baba. Ila jiko ni langu." Na kweli, kaja na jiko la gesi, kaliweka pembeni ya mafiga yako kama mke mdogo. Watoto wanakula kila mtu na sahani yake. Nikisema tuchanganye kwenye sinia, Mwanahawa ananiambia, "Babu, kwanza nawa mikono."

Lakini mabegi Rehema hajayafungua. "Mpaka shule zifunguliwe, baba. Baada ya hapo sijui." Najua anasubiri nini. Ni neno moja, nami kila nikikaribia kulisema nasema chumvi imezidi. Chumvi haijawahi kuzidi. Kapika kama wewe.

Sasa hivi sahani nne ziko kwenye kichanja, na zote zimetumika kweli. Nimeziosha mwenyewe. Leo Rehema akianza kusonga nitaingia jikoni, nimwambie, "Mwanangu, nilikukosea, nisamehe." Nimeuchagua wakati huo kwa akili: ugali ukiwa motoni hawezi kuondoka aniache. Anaweza kunipiga na mwiko. Akinipiga, nitakuwa nimestahili, na tutakula.

Nakuahidi hilo, Zaina. Nikilala bila kulisema, njoo ndotoni unizabe kofi.

Lala, mama. Mlio wa mwiko jikoni nausikia. Acha niende.

Mumeo mkaidi,
Baba Rehema