Watoto Wangu Wawili

Tanga, Jumatano, Machi 1956

Leo tena mama mwenye uchungu kanisukuma mkono. "Wewe bado mwali, hujazaa, utanizalisha vipi? Niitie Riziki!"

Riziki! Darasa zima la ukunga hakuna anayefeli mitihani kama yeye, na daftari anazonakili ni zangu. Lakini ana watoto wawili, basi kila mzazi anamtaka yeye. Roho iliniuma hata chakula cha mchana hakikushuka.

Alasiri akaletwa mama mwingine, wa Pangani. Akaniuliza kama nimeshazaa.

"Ndiyo, dada, wawili."

"Wanaitwaje?"

"Salimu na Zuhura."

Akanishika mkono, akatulia.

Nilipogeuka, Riziki alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Salimu na Zuhura ni wanawe.