Shanta la Bwana Vipimo

Nyumbani,
Ghorofa ya juu, nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu Kiranja,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Picha zako za mabegi zilifika mvua zikiwa bado hazijaanza, na sasa mvua zimekwisha, nami sijakujibu hata kwa mstari mmoja. Si dharau wala si uvivu. Kila niliposhika kalamu nilijikuta sina la kukuambia, na asiye na la kusema ni heri anyamaze kuliko kujaza karatasi.

U hali gani, mwanangu? Je, kifua kimeacha kukusumbua katika baridi hiyo? Mkeo na mtoto hawajambo? Dada yako muuguzi aliniambia kwamba mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti. Mwacheni ashike, asihimizwe. Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Magoti yangu yanalia kama bawaba, lakini yananifikisha niendako.

Kabla sijasahau: katika ujumbe wako umeandika "begi yenye mikanda mipana". Begi ni lenye, mwanangu. Na kwa kuwa neno shanta lipo, na ndilo litajalo mfuko wa kubebwa mgongoni, nitalitumia hilo. Baridi ya huko isiigandishe sarufi yako.

Sasa nikueleze hali ya baba yako mkubwa, maana bila kuijua hali hiyo picha zako hazichaguliki. Unajua kwamba alistaafu upimaji wa ardhi zamani, na kwamba maradhi haya ya kusahau yamemrudisha kazini. Kila asubuhi hupanga vitu vyake ndani ya shanta lile lile la turubai ulilokuwa ukilipanda utotoni kama farasi: timazi, kamba ya kupimia, vigingi, chupa ya chai. Kisha huniaga, akatoka. Huzunguka mitaa ya hapa, akapima kuta za watu, akarudi. Majirani walimpa jina la Bwana Vipimo tangu angali kazini, na siku hizi jina hilo ndilo linalomlinda. Wakiliona shanta kwa mbali hujua ni nani anayekuja, na ndani ya mfuniko dada yako alishona kitambaa chenye namba yetu ya simu.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Unakumbuka alivyokuwa akinichokoza. Miaka yote ya ndoa yetu aliuliza "Begi yangu iko wapi?" kwa makusudi, nami nikimsahihisha, naye akicheka: "Lenyewe limekusikia, mwalimu." Mwaka jana, asubuhi moja, alisimama mlangoni akaniambia kwa adabu, "Samahani, mama, begi langu liko wapi?" Hakukosea hata silabi. Nilimpa, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilikaa kitini. Ndipo nilipojua kwamba hanijui. Mtu hamchokozi mgeni.

Shanta lenyewe limechakaa. Fundi viatu wa hapa chini amelishona mpaka amechoka. Mara ya mwisho alilishika kwa vidole viwili, akanirudishia.

"Mama Mwalimu, hapa nashona uzi juu ya uzi. Kitambaa chenyewe kilishafariki."

Nilimwambia ajaribu tena. Akasema, "Nitajaribu, lakini mimi ni fundi, si nabii."

Dada yako akanunua begi jeusi dukani. Tulilificha lile kuukuu, tukahamisha kila kitu, hata kile kitambaa cha namba. Baba yako mkubwa alilitazama, akalichukua bila ubishi, akatoka. Kumbe alilipeleka moja kwa moja kwa mama muuza mikate, akamwambia, "Mwekee mwenyewe, atakuja kulichukua." Halafu akaenda mikono mitupu, na huko mbele hakuna aliyemtambua, alikuwa mzee kama wazee wengine. Tulimtafuta mchana kutwa. Tulimkuta kwenye jengo jipya karibu na kituo cha mabasi, waashi wamempa ndoo akalie. Walidhani ni mkaguzi.

"Ni baba yako huyu?" mwashi mmoja alimwuliza dada yako. "Tangu afike anatuambia ukuta umepinda."

"Mtuwie radhi, kaka. Ni mgonjwa."

"Umepinda kweli, dada. Ila usimwambie tajiri."

Dada yako alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba utatununulia huko Ulaya shanta lisilojua kuchakaa, nilifurahi, halafu furaha ikaniponyoka. Picha zako zilichapishwa, nimezipanga mezani, na tumekula pembeni yake muda wote huu. Lile la Waswidi ni la turubai lililopakwa nta, na kwa umbo ndilo linalokaribiana na letu, lakini ni la njano iliyokoza, na letu ni la kijani kilichopauka. La Wajerumani lina mkanda wa kiunoni na mwingine wa kifuani, na vifungo ambavyo vidole vyake vya sasa havitavielewa. La Wanorwe hukunjwa mdomo kama mfuko wa unga. Maji hayapenyi, umesema, nami nakuamini, lakini halina mfuniko, na namba ya simu tutaishona wapi? Yote matatu ni mazuri kwa mtu anayejua kwamba ni lake.

Halafu chini ya picha moja umeandika kwamba lina "dhamana ya maisha". Nimelitazama neno hilo siku nyingi. Maisha ya nani? Hiyo "ya" haisemi kama ni maisha ya shanta, ya kiwanda, au ya mwenye kulibeba. Nilimwuliza dada yako. Akasema, "Mama, hapo hamna sarufi."

Yeye ana shauri lake. Anasema tusinunue chochote. "Liache life, Mama. Siku likiisha, Baba atatulia nyumbani, nasi tutapumua." Hasemi kwa ukatili. Huko wodini amewaona wazee waliookotwa barabarani, na kila simu inapolia hushtuka kabla hajaipokea. Siwezi kumwambia kwamba amekosea.

Lakini mimi nilimwona baba yako mkubwa siku zile shanta lilipokuwa kwa fundi. Aliketi amevaa viatu, uso umeelekea mlangoni. Chakula hakukigusa. Kila nilipopita aliniuliza kama kazi zimesimamishwa.

"Zimesimama kidogo," nilimwambia.

"Nani amezisimamisha?"

Nilimwambia kwamba sikuarifiwa. Akaniambia nisihofu, kwamba hata yeye hakuarifiwa.

Basi ona nilipofika. Shanta imara litamtoa nje kila siku, mpaka siku atakayotoka asirudi. Akilikosa, atakaa salama kwenye kiti kile na kuyeyuka mbele ya macho yangu. Daktari anasema uamuzi ni wa familia. Familia ni mimi na dada yako, na mmoja wetu anataka aishi, na mwingine pia anataka aishi, na hatupatani. Nawe tafadhali usiniandikie kwamba nifuate moyo. Moyo wangu umeketi nyumba zote mbili.

Kwa sasa mkanda mmoja umebaki kwa nyuzi chache, kwa hiyo ninatoka naye. Yeye hutangulia, mimi nafuata nyuma, kiganja changu chini ya shanta, nikiliinua kidogo ili mkanda usikatike. Juzi alisimama ghafla, akageuka, akanitazama sana. Akasema siku hizi mzigo umekuwa mwepesi, hajui kwa nini. Nikamwambia hata mimi nimeona hivyo. Tukaendelea.

Mpe mkeo salamu zangu, na umbusu mtoto kwenye paji la uso. Msalimie rafiki yako mpishi, aliyetutumia zile picha za harusi yenu. Dada yako anakusalimu, na fundi viatu naye anauliza utarudi lini kumwona. Baba yako mkubwa nilimsomea jina lako leo asubuhi. Hakulitambua, lakini aliniambia nimwandikie kijana huyo kwamba awe na afya njema, basi salamu hizo zipokee kama zilivyo.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, na njia zenu zote zijue kurudi.

Usiagize shanta lolote, wala usilipe kitu kwanza. Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia.

Ni mimi, nisiyechoka kukupenda,
Mama yako mkubwa