Kamba ya Shitingi Ndani ya Tenki la Choo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila moyo tangu juzi hauna utulivu. Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa niliyoituma kwa mama huyuhuyu aliyekuletea barua, uliipata? Unaimeza hata siku unayojisikia nafuu? Na pembe ya paa upande wa kitanda chako, mvua bado inapita? Niambie ukweli, usinifiche kama kawaida yako.

Naandika kwa Kiswahili chetu cha sokoni Rumonge, kule tulikokimbia, kwa sababu barua ya Kirundi ikishikwa njiani itatutia matatani wote. Domitila mdogo wangu, msomee mama taratibu, na ukimaliza uichome.

Mama, naogopa. Bado niko hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa yule mama wa Tanga anayefanya kazi ofisi za bandarini. Ana maneno mengi lakini hana roho mbaya. Ananiita Anna na anaamini mimi ni Muha wa Kasulu, kama tulivyopanga. Siku akijua mimi ni mkimbizi, nimetoka kambini bila kibali, atanitoa tu, hata akinihurumia, maana naye ni mtumishi wa serikali. Na nikitoka kwenye geti hili nimekwisha: nitashikwa kwenye kizuizi cha barabarani, jina langu litafutwa kwenye kadi ya chakula, na wewe utakosa dawa.

Sasa sikia kilichonipata kwa ajili ya choo. Choo cha hapa kiko ndani ya nyumba, ni cha kukalia, na nyuma yake kuna tenki la maji lenye mkono wa flashi pembeni. Ukiubonyeza, maji yanashuka yenyewe. Wiki ya kwanza niliuogopa nikawa namwaga kwa ndoo, mama mwenye nyumba akanicheka mpaka akakaa chini. Baadaye nikauzoea.

Asubuhi moja nilikuwa nasafisha hapo, mara geti likagongwa kwa nguvu: "Hodi! Fungueni!" Nikajua ni polisi, wamenifuata. Nikaukandamiza ule mkono kwa uzito wangu wote, kitu kikalia ka! ndani ya tenki. Kumbe aliyegonga alikuwa msoma mita ya maji.

Nilipofunua tenki, nikaona kile kijiti cha plastiki kinachovuta mnyororo kimekatika katikati. Ningefanya nini? Msichana aliyenitangulia kazi hapa alifukuzwa kwa kuvunja sahani. Na fundi akija, ataniuliza kwetu Kasulu ni kijiji gani. Basi nikafanya kama tunavyofanya kambini kitu kikivunjika, kiwe ndoo, mlango au mguu wa kitanda. Unakikumbuka kile kipande cha shitingi, turubai la plastiki tulilogawiwa kambini, ulichonikatia kwenye pembe ya paa letu siku naondoka, ukanifungia nacho mkoba? Nikachana ukanda mmoja, nikausokota, nikaunga kijiti kwa lile fundo lako. Choo kikafanya kazi siku nne nzima. Nilijiona fundi mkubwa!

Siku ya tano fundo likalegea. Mama mwenye nyumba akabonyeza weee, mkono unazunguka bure. Akamwita Mzee Rajabu, fundi bomba wa Ujiji. Mzee akaja na mkono mpya kwenye begi lake, nami nikaambiwa nimshikie mfuniko wa tenki.

Akapapasa ndani ya maji, akaitoa ile kamba. Nyeupe, na nusu ya herufi ya bluu ya shirika la wakimbizi bado inaonekana. Akaigeuzageuza, akalitazama fundo, kisha akanitazama mimi. Mfuniko ukanitetemeka mikononi mpaka ukawa unagonga ukuta. Mana yanje, Mungu wangu, nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni. "Fundi, hicho ni nini tena jamani? Kimetoka humo?"

"Hapana mama, ni changu," mzee akajibu bila kugeuka. "Nafungia spana zangu. Kimeniponyoka."

"Na Anna mbona anatetemeka hivyo?"

"Mfuniko huu mzito, mama. Tunamaliza sasa hivi."

Akafunga mkono mpya, akakaza nati, akatundika mnyororo, akaniambia nijaribu. Maji yakashuka vizuri. Mama mwenye nyumba alipoondoka, mzee akanitilia ile kamba kiganjani.

"Binti, hii kila mtu Kigoma anaijua inatoka wapi. Na mkoba wako pale jikoni nimeuona nikipita, umefungwa hivyohivyo. Choma vyote leo."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Mimi sikuona kitu."

Tangu siku hiyo geti likigongwa nakimbilia jikoni. Mzee kaniokoa, lakini sasa yuko mtu mmoja anayejua, na huyo mtu ana mke, ana wenzake wa kunywa nao kahawa. Choo nimerudi kumwaga kwa ndoo, naogopa hata kuugusa mkono mpya. Siku ya kuhesabiwa hapo kambini wakiniulizia, sema nimekwenda kutafuta kuni. Na ukinitumia chochote, tafadhali usikifunge kwa shitingi.

Nisalimie shangazi anayeuza mihogo, mzee wa kanisa anayetusalisha, na jirani yetu wa mlango wa pili. Najua ameshajifungua, ila sijui ni mtoto gani.

Jambo moja nilitaka kukuficha, lakini nami sitaki kuwa kama wewe. Siku ileile niliwasha jiko ili nichome kama nilivyoambiwa. Ile kamba ya tenki niliichoma. Kile kipande cha mkoba nilikishika juu ya moto, kikaninukia moshi wa jiko letu, nikashindwa. Nimekifunga kiunoni, ndani ya nguo, na hapa ninapoandika kinaniwasha. Najua ni ujinga, mama. Wakinikamata nacho hakuna Anna tena. Lakini ni paa letu, na wewe unalala chini ya tundu lake.

Ni mimi mwanao, ambaye jina lake unalijua.