Kikohozi cha Fundi

Jumatano, 5 Machi
Jana tulipasuliwa wawili, mimi na fundi wa paa wa kitanda cha jirani. Yeye alianguka kutoka juu ya nyumba, mimi bafuni. Daktari mmoja, vibati vilevile vya kuunga mbavu, mrija uleule ubavuni wa kutoa damu na maji. Kwa hesabu ya kawaida, tutatoka pamoja. Lakini jamaa ana makelele! "Sista, dawa! Sista, nakufa!" Mimi vidonge vya maumivu nimevikataa. Mwalimu mzima siwezi kulialia mbele ya watu. Mke wangu alipokuja kunitazama alicheka sana — kwa vichekesho vya fundi, si vyangu.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi katolewa mrija! Wangu bado. Anakohoa mpaka vitanda vinatikisika. Nimejipa sababu kwa haki: yeye kijana, hajawahi kuvuta sigara, mimi nilivuta hadi kustaafu. Umri, sigara, idadi ya mbavu — hayo ndiyo humkalisha mtu wodini. Ila yeye kavunjika mbavu nyingi kuliko mimi. Hapo hesabu inanigomea. Mke wangu kaleta supu, bakuli la kwanza kampa yeye. "Kunywa, baba, upate nguvu." Baba! Mimi tangu tuoane ni "wewe".

Ijumaa, 7 Machi
Homa. Picha inaonyesha makohozi yametuama sehemu ya chini ya pafu. Daktari kauliza mbona sikohoi. Inauma, nikasema. Na dawa je? Nikakiri nimeikataa. Akanifafanulia, fundi akisikia, kwamba dawa ile si ya kumbembeleza mtu: ni ya kumwezesha kuvuta pumzi hadi chini na kukohoa. Nimonia ikikomaa nisahau nyumbani, na kwa umri wangu huenda nisitoke kwa miguu yangu. Somo jepesi hivyo! Ningeweza kulifundisha mimi. Fundi kajifanya kasinzia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemeza dawa. Fundi karuhusiwa. Mke wangu kamfunga vifungo vya shati, eti mkono haujanyooka! Wivu umenibana kuliko mrija. Nikamuaga: haya, safari njema. Haendi! Kachukua mto, kanibandikia ubavuni.
"Ukumbatie, Mwalimu. Kohoa."
Nitakohoa ukishaondoka, nikamwambia.
"Gari litasubiri. Siondoki mpaka nisikie."
Mke wangu kasimama upande wake, mikono kiunoni. Ananiuliza namringia nani. Nimeinamia karatasi hii nisiwatazame. Kifua kinawasha. Wako palepale, wote wawili — kikohozi kinapanda —