Maktaba Mbili Katika Boksi Moja

Penang, Jumapili

Dada yangu Lastri,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yenu Wulan, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Nimeandika kwa sababu simu hapo nyumbani mnaisikiliza wote. Anakuletea Ngatini, jirani yenu, anayerudi huko.

Kazi yetu mimi na mumeo unaijua kidogo: tunatia programu kwenye maboksi ya kulipia kwa kadi, yale ya vituo vya mafuta. Programu hizo tunazijenga wenyewe kwenye kompyuta moja kubwa, na kila iliyo tayari inahifadhiwa kama kifurushi. Kabla ya kujenga, kuna mstari mmoja kwenye mipangilio unaosema maktaba gani ya usimbaji itumike, yaani mkusanyo wa programu unaofunga siri za kadi zisisomwe njiani. Ziko mbili. Zote nzuri, ila hazikai pamoja. Ukibadilisha mstari, lazima ufute vifurushi vyote vya zamani na ujenge kila kitu upya, siku nzima. Hata mimi niliyeishia darasa la sita nilifundishwa hilo mapema.

Kabla ya Lebaran, Idi yetu, msimamizi wetu, Bi Hasnah, aliagiza tuhamie maktaba mpya. Shemeji akabadilisha mstari. Ilikuwa siku ile Wulan anachumbiwa, naye mumeo alitaka kuwahi kuwaona wageni kwenye simu. Hakufuta. Alijenga vile vilivyobaki tu. Nilimuuliza, na vile vya jana? Akacheka.

"Shemeji, umeanza lini kuwa bosi? Boksi halina macho."

Maboksi yaliwaka vizuri, taa ya kijani. Tuliyajaribu kwa kuyawasha tu, kama kawaida yetu, yakapelekwa. Wiki ya Lebaran, barabara zimejaa watu wanaorudi kwao, mteja akiweka kadi boksi linazima. Maktaba mbili zimekutana ndani. Vituo vikakataa wateja, maboksi yakarudishwa kwetu.

Bi Hasnah alituita mmoja mmoja. Hakufoka. Alisema mmoja wetu ataondoka, anataka kujua nani. Mumeo alitangulia, akasema hajui.

Ameachishwa kazi. Atafika karatasi zake zikikamilika. Aliniomba nikuandikie kwamba mkataba umeisha, wakwe wa Wulan wasije wakasikia sababu wakarudi nyuma. Nilikubali. Nikakaa niandike hivyo, nimeandika haya.

Ni mimi niliyemtaja, dada. Yeye anadhani ni kumbukumbu za kompyuta zilizomfichua. Ameniachia chupa yake ya chai, ile uliyomnunulia, akasema nani mwingine ataitunza.

Bi Hasnah aliniuliza pia kama kuna aliyemwona mumeo akiacha kufuta na asiseme. Nikasema sijui. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mumeo, na amri ya kufuta naijua.

Nasubiri nisikie uchungu, sisikii kitu. Kesho naendelea na maboksi yaliyorudishwa. Nakaa kwenye kiti cha mumeo. Nafuta kwanza.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua mguu nimempa Ngatini. Mbusu Wulan. Shemeji akifika mpikie tempe, ile soya yenu ya kukaanga, hapa alikuwa analalamika kila siku kwamba haipati kama yako. Kama utamwambia au hutamwambia, nimekuachia wewe.

Mdogo wako,
Sarwono