Ukingo wa Madrasa ya Columbia Heights

Mwalimu Athumani,

Salamu zikufikie huko ulikolala, na Mola alipanue kaburi lako. Ni mimi Rehema, uliyenifundisha kushika penseli upya nilipodhani shahada imeshanifundisha. Nina neno zito leo, nalo ni la madrasa yako ambayo bado haijajengwa.

Ofisi ipo, ila kimya chake, yarabi! Wasanifu majengo wenzetu bado wanajenga vioo vitupu, na bado wananiuliza kwa nini wewe, mtoto wa Mombasa, umri wako wote uliumalizia kwenye nguzo za Kigiriki na Kirumi. Nawapeleka Saint Paul wakaione ile benki yako ya mawe ya manjano, na wakifika pale wanashusha sauti bila kuambiwa. Mahakama, maktaba, benki za miji midogo ya Minnesota, zote ulizipa nguzo za kumkaribisha mtu, si za kumtisha. Nilijivunia kuwa mwanafunzi wako, na sikukwambia vya kutosha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitundika kipande cha ukingo wa paa nyuma ya ofisi, cha mbao, ukubwa ule ule wa kweli, kikae msimu mzima wa baridi kabla hujajenga? Majirani wakidhani tumeibiwa nyumba ikabaki kona! Wewe ukisema, "Karatasi haisikii baridi, mwanangu." Madrasa ndiyo pekee uliyoichorea kitandani, unaumwa, na ukingo wake hukuwahi kuutundika.

Basi nikautundika mimi, kwa heshima tu, nikaweka na ubao chini yake mahali pa kidato, ile ngazi ya mlangoni. Nilitaka kukuona ukishinda tena mtihani wako. Adhuhuri theluji ikayeyuka, maji yakadondoka juu ya kidato, na jua lilipopungua yakawa barafu. Nikapima upya, nikaomba niwe nimekosea mimi. Wapi! Ukingo ulikuwa mfupi, Mwalimu, haukutokeza kukivuka kidato. Wazee na watoto wangeanguka mlangoni.

Nililia ndani ya gari, kisha nikaenda Saint Louis Park kwa mkeo, Bi Swafia. Alishanionya tangu matanga: "Usiguse kitu kwenye michoro ile. Huo ndio mkono wake wa mwisho." Ningeanzaje kubishana na mjane? Nikamwomba tu aje aone. Akaja na ule ukali wake unaoujua, akakanyaga ubao, mguu ukateleza, akanidaka bega. Tukasimama hivyo, ameinua uso anautazama ukingo wako, machozi yanamtoka. Akasema, "Angekuwa yeye angeshafuta zamani. Futa, mwanangu."

Nikafuta. Uchungu wa kufuta mstari wako sina wa kumweleza. Nikachora, nikafuta tena, mpaka nikautoa ukingo nje vya kutosha. Nimeutundika huo mpya, na maji yanaanguka mbele ya kidato, kwenye kokoto. Bi Swafia amekuja kuukagua mwenyewe, akanuna, akakubali.

Mafundi wanaanza theluji ikiisha.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Mola akurehemu. Nguzo zote ni zako na madrasa itaitwa kwa jina lako, ila ukingo ule sasa ni wangu. Nakuahidi: siku mtu akiteleza pale mlangoni, sitajificha nyuma yako.

Rehema