Bomba Lililonasa Sumaku

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kazini kama Sumaku
Umri: miaka 44
Kazi: fundi wa kuchomelea mabomba
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda cha tindikali

Afande, naomba niseme nikiwa nimesimama. Kukaa siwezi.

Mnamo tarehe 3, saa 3:15 asubuhi, niliingia stoo kuchukua bomba jipya la tanuru la kuchomea salfa. Yalikuwepo mawili. Mtunza stoo akanionyesha moja, akasema, "Wahandisi wameagiza hili." Nikalijaribu kwa sumaku, kama nilivyozoea miaka kumi na tisa. Ikanasa. Sisi mafundi tunaamini chuma kizuri kisichoshika kutu hakinasi sumaku. Kikinasa ni feki. Nikamwambia, "Umepigwa, ndugu yangu." Tukacheka. Nikachukua la pili, lisilonasa, lenye madini mengi ya nikeli na bei ya kutisha. Karatasi zake za maelezo sikusoma. Nikalichomelea mwenyewe, na mshono ulinyooka hadi nikajisifu.

Mlinda tanuru ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tarehe 21, saa 8:40 mchana, lile bomba lilitoboka, moto ukamuunguza mpakiaji miguu yote miwili. Meneja akasema shemeji alizidisha moto. Mkamweka ndani. Leo siku ya sita.

Jana saa 5 asubuhi nilikata kipande cha lile bomba. Ndani kinabanduka magamba meusi, ukuta umebaki kama karatasi, na mahali pengine umeyeyuka kabisa. Ndipo nikasoma karatasi za stoo. Zinasema kwenye joto lile salfa huila nikeli. Bomba lililonasa lina madini mengi ya kromu, nikeli halina, na ndilo lingestahimili. Daftari la joto nimelileta. Shemeji hakuvuka kipimo hata mara moja.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichomla shemeji ni mimi. Jana jioni dada alinipigia simu nimtafutie mumewe wakili, nami nikamjibu, "Tutaona." Nilijua tayari, afande. Naona aibu. Andika na hilo.

Nimefika mwisho. Niliyosema nimeyaona na kuyafanya mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Daftari limekaguliwa. Kwa amri ya mkuu wa kituo, mlinda tanuru ameachiwa saa 7:10 mchana, na shahidi amezuiliwa mahabusu. Walipopishana kwenye korido, mlinda tanuru alimuuliza, "Umekuja kunitoa, shemeji?" Shahidi alijibu, "Ndiyo. Dada yuko nje, tangulia."